Upepo Baridi wa Kwenda Semaphore

Mwambie mtu wa Broken Hill, mji wetu wa migodi nyikani, kwamba bahari iko mbali naye, atakucheka. Atakuambia bahari ni yetu, ila tumeiacha kule Semaphore, ufukwe wa Adelaide, kwa sababu huku haina pa kukaa. Kila Krismasi, ambayo kwetu ni kiangazi, migodi ikifungwa, mji mzima ulikuwa unapakia watoto, mablanketi na mbwa magarini, unateremka kusini kupitia nyika ya vichaka vya chumvi mpaka pwani. Ukifika unamkuta jirani yako wa nyumbani amepanga pembeni mwako tena, na hamna hata habari mpya ya kupeana. Ujinga mtupu, na hatukuacha.

Verlie Trezise alizaliwa ndani ya desturi hiyo na akaolewa ndani yake. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na miaka sitini na tisa, na asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja alisimama bandani, nyuma ya nyumba yao ya mabati, akiitazama Kingswood, gari lao la rangi ya samli. Waliinunua mwaka wa harusi yao. Viti vilikuwa vimepasuka na kushonwa, vikapasuka tena. Hewa ya bandani ilinuka grisi na vumbi, na mwanga uliopenya kwenye matundu ya misumari ulining'inia tu, haukuwa na haraka ya kufika chini.

Mumewe, Lance, alikuwa ndani ya nyumba chini ya kile kipoza hewa cha juu ya paa, kinachopuliza upepo kupitia maji. Hapo ndipo alipoishi siku hizi. Alikuwa na ugonjwa wa neva, ule unaomtafuna mtu polepole mwaka hadi mwaka, na joto lilikuwa mshirika wa ugonjwa huo. Penye ubaridi Lance alikuwa Lance: anatania, anabishana na redio, anazunguka na kigari chake cha kukalia jikoni akifunua masufuria. Joto likimpata, hata kidogo, miguu inakuwa matambara, ulimi unakuwa mzito, na maneno yanamtoka moja moja mpaka yanaisha.

Lakini ndani ya maji ya Semaphore miguu ilikuwa inamrudia. Mwaka juzi, hali yake ikiwa bado haijawa hivi, alisimama mwenyewe baharini, maji kiunoni, hashikwi na mtu. Mwaka jana hawakwenda, kwa kuwa Kingswood haikuwa na kiyoyozi na njia ni ya kutwa nzima kwenye tanuri. Sasa daktari alikuwa amewaambia, kwa sauti ile ya upole inayotisha, kwamba kama kuna jambo wanataka kulifanya pamoja wasingoje mwaka ujao. Binti yao Kerryn, anayekaa Adelaide, alipiga simu akasema atakuja kumchukua baba yake kwa gari lake jipya. Lance akakataa katakata.

"Sitapelekwa baharini kama kifurushi," alisema. "Nitakwenda na mke wangu, kwa gari langu. Kama haiwezekani, basi."

Lile "basi" ndilo lililomtoa Verlie kitandani asubuhi ile likampeleka bandani.

Kiyoyozi kilikuwemo zamani. Gari lilikuja nacho, na mwenye kuking'oa alikuwa Lance huyu huyu, mwaka kompresa ilipokufa. Alikuwa fundi umeme wa mgodini wakati huo, na akatangaza kwamba mtu anayeshinda chini ya ardhi akitoka nje anataka upepo wa Mungu, si wa kopo. Akafungua vyuma, akavitupa chini ya benchi, akashusha vioo vyote vinne. Vioo vile vilikaa chini kiangazi baada ya kiangazi, watoto wakala vumbi mpaka wakawa watu wazima. Sanduku la kutolea upepo tu ndilo lililobaki nyuma ya dashibodi, halina kazi, mpaka panya wakalifanya nyumba.

Verlie aliingia ndani akasimama mbele ya kigari cha mumewe.

"Lance, kile kiyoyozi ulichokitukana mwaka ule, nakirudisha."

Lance alimtazama juu mpaka chini. "Nani, wewe? Na spana utaishikia upande gani?"

"Upande ule ule nitakaokupiga nao kichwani."

"Basi nimeridhika," alisema Lance. "Naona fundi anajua kazi."

Na kwa kweli alijua, ila watu walikuwa wamesahau. Kabla ya kuolewa Verlie alikuwa muuzaji katika duka la vipuri vya magari, na hakuna mwanamume mjini aliyeweza kumwambia kipuri asichokijua. Lakini siku hizo mji wetu ulikuwa na sheria yake, ya watu wa vyama vya wafanyakazi: mwanamke akishaolewa anaacha kazi, nafasi impate mwingine asiye na mume wa kumlisha. Wiki ya harusi yake wakampa seti ya vikombe wakamwambia kwaheri. Alilia, na hakuwahi kulificha hilo. Alimpenda Lance, akalipenda na lile duka, na akalazimishwa kuchagua kimoja. Miaka yote iliyofuata, akijilaza mchana, majina ya vipuri yalimpitia kichwani taratibu, kama watoto wanaotoka shule: beringi, puli, gasketi, vali. Hakuwa na pa kuyapeleka.

Sasa alikuwa na pa kuyapeleka. Aliagiza kompresa mpya, ndogo kuliko ile ya zamani, akamchongesha jirani kishikio cha kuikalisha kwenye injini. Akaagiza chupa ya kukausha unyevu, mipira mipya ya gesi, na ule wavu wa mabomba ya kutolea joto unaokaa mbele ya rejeta. Alifanya kazi asubuhi, kabla jua halijapanda, na Lance alifungua dirisha la jikoni apate kumsikia na kumsumbua.

"Umeanguka?" aliuliza kila spana ilipolia sakafuni.

"Bado."

"Ukianguka useme, nianze kutafuta mke."

"Nani atakuchukua wewe? Huna hata kiyoyozi."

Kazi iliyomchosha zaidi ilikuwa lile sanduku nyuma ya dashibodi. Alilala chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango, akitoa manyoya ya panya na majani makavu, na humo ndani akakuta mchanga. Mchanga mweupe, wa pwani, kiasi cha kijiko. Haujulikani ulipanda vipi mpaka huko. Aliushika kiganjani kwa muda mrefu. Akamwona Kerryn wa miaka minne amelala kiti cha nyuma na nywele zimekauka kwa chumvi, akamwona Lance kijana na mkono wake mwekundu nje ya dirisha, akausikia mkono ule ukipiga mlango kwa mdundo wa wimbo wa redioni. Alipozinduka jua lilikuwa limeshafika magotini mwake. Alisafisha sanduku likawa jeupe, kisha ule mchanga akaurudisha kidogo, kwenye kona, pasipozuia kitu.

Kujaza gesi haruhusiwi mtu asiye na leseni, kwa hiyo alimwita Zvonko, fundi wa viyoyozi, ambaye baba yake Mkroatia alikuwa zamu moja na baba yake Verlie mgodini. Zvonko alikagua kila kiungo kwa tochi, kimya, akitafuta kosa la kutania. Hakulipata, na ikamuuma.

"Bi Verlie, nani kakufungia hii?"

"Mzimu."

"Basi huo mzimu uje karakana kwangu, nina vijana wanaofunga nati kwa meno."

Aliunganisha pampu yake, akanyonya hewa yote na unyevu wote mabombani, wakakaa wakingoja kuona kama kuna panapovuja. Wakanywa chai. Lance, dirishani, akauliza kama mgonjwa bado anapumua. Sindano ya geji haikusogea, na Zvonko akaingiza gesi. Alipokuwa anakusanya vyombo vyake alipiga boneti kwa kiganja.

"Kumbuka, mashine hii haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani, inalileta hapa mbele, inalitupa nje. Pua yake iachwe wazi."

"Zvonko, nimeyauza mabomba haya wewe ukiwa bado unavaa nepi."

"Nakukumbusha tu, mama. Kukumbushwa si tusi."

Siku hiyo walimtoa Lance ndani, wakamkalisha kiti cha mbele bandani, milango ya banda wazi na injini ikinguruma. Verlie akafunga vioo. Upepo ulitoka kwanza na harufu ya vumbi la kale, kisha ukatoka baridi. Lance alifumba macho. Verlie akaogopa kumwuliza.

"Cockburn," Lance akasema, macho bado kayafumba.

Verlie akaelewa: huo ndio mji wa kwanza njiani. Akashika usukani. "Olary."

"Mannahill. Punguza mwendo, kuna ndege emu njiani."

"Nimewaona. Yunta. Unataka pai?"

"Napenda za Yunta, lakini nyama yake siulizi."

Wakaenda hivyo, mji kwa mji, gari limesimama pale pale. Mwanga wa mchana uliingia bandani ukiwa mweupe, ukafuta ukuta na benchi na magaloni ya rangi, na Verlie akaona kweli njia ikifunguka. Waliposhuka kilima cha mwisho wote wawili walinyamaza, kama walivyokuwa wakinyamaza kila mwaka pale bahari inapoonekana. Lance alikuwa amelala. Verlie alikaa naye mpaka mafuta yakawa ya kuonea huruma, na moyoni alijua kwamba amekuwa na furaha.

Siku yao ilipofika, katikati ya Januari, redio ilitangaza joto la kuua nzi. Kusafiri usiku hakukuwa na maana, kwa sababu usiku barabara ile ni ya kangaruu, na macho ya Verlie hayakuwa tena ya kushindana nao. Waliondoka asubuhi. Alimfunga Lance mkanda, akapakia sanduku la barafu lenye mikate ya nyama ya kondoo na achari, akapakia kigari. Mwisho wa yote akauchukua mfuko wa maji msumarini.

Mfuko huo ulikuwa wa turubai, mpana, wa baba yake Lance. Unaujaza maji, unautundika mbele ya gari, nguo inatoa jasho, upepo wa mwendo unaupoza, na popote utakaposimama una maji baridi. Lance alisema maji yale yana ladha ya turubai na kwamba maji mengine yote ni ya wagonjwa. Hakuna aliyewahi kutoka Broken Hill na familia yake bila mfuko mbele. Baba yake Verlie aliutundika wa kwake namna hiyo, na babu pia. Mikono yake ilifunga kamba yenyewe, kwa fundo lile lile, wakati kichwa chake kinawaza dawa za Lance.

Walipita Cockburn kwenye upepo baridi, Lance akiimba vibaya. Nyika ilikuwa imelala pande zote mbili, kijivu, bila mti wa kuhesabika, na mbele yao mazigazi yalikuwa yametanda barabarani, bahari ya uongo ikiwasogelea na kurudi nyuma, ikiwasogelea na kurudi nyuma. Utotoni Verlie alikuwa akiamini bahari ya kweli huwatumia watu wake hayo mazigazi wasikate tamaa njiani. Alimwambia Lance. Lance akasema hilo ni jambo la kipuuzi sana na kwamba yeye pia alikuwa akiamini hivyo.

Walipoipita Olary upepo ulilegea. Verlie alifikiri ni jua limepanda tu. Kidogo ukarudi baridi, kidogo ukawa wa vuguvugu, halafu ukawa pumzi ya mbwa. Lance alikuwa anasimulia habari ya samaki aliyemponyoka. Habari ikaanza kukatika. Akasema "samaki", akasubiri, akasema "ndoano", na baada ya hapo hakusema tena.

Verlie aliegesha kando. Akazima, akawasha, akasikiliza. Kompresa haikushika. Akafungua boneti. Mkanda ulikuwa umekaza vizuri. Mipira haikuvuja. Nyaya zilikuwa mahali pake. Joto lilitoka ardhini likamwingia viatuni. Simu haikuwa na mtandao, na barabara yote mbele na nyuma ilikuwa tupu, inang'aa. Kurudi nyuma ni joto, kwenda mbele ni joto, kukaa hapo ndiko kubaya kuliko kote. Alimfunga Lance barafu kwenye kitambaa shingoni, na kichwa chake kikaangukia bega kama cha mtoto aliyelala kanisani. Verlie alijiona mwanamke mzee mwenye kiburi aliyemleta mumewe nyikani ili ajionyeshe kwamba bado anajua vipuri.

"Nisamehe," alimwambia. "Lance, nisamehe."

Lance alifumbua macho. Alikusanya nguvu kutoka mahali Verlie asipopajua, akainua kidole kimoja kutoka gotini, akakielekeza mbele, kwenye kioo.

"Mfu," alisema. "Mfuko."

Anataka maji yake, Verlie aliwaza, na machozi yakamtoka. Anakufa na bado anataka maji ya turubai. Alikwenda mbele ya gari akachuchumaa kufungua fundo. Alipouvuta mfuko pembeni, joto lililokuwa limejificha nyuma yake lilimpiga usoni akarudi nyuma akakaa mchangani.

Hapo akaona. Mabomba ya kutolea joto yalikuwa pale, membamba, mapya, na juu yake, karibu yote, palikuwa na alama ya maji ya turubai lililovimba. Miaka yote tangu kiyoyozi cha kwanza kilipong'olewa mfuko ulining'inia pale bila shida kwa sababu rejeta kubwa ya Kingswood ilikuwa peke yake na ilijipumulia pembeni. Sasa palikuwa na pua nyingine mbele yake, ambayo joto likikosa pa kutokea mashine hujizima, na yeye, aliyeifunga kwa mikono yake mwenyewe, ndiye aliyeiziba kwa mikono hiyo hiyo. Mazoea yana taabu.

"Mjinga wee," alijiambia, na lilikuwa neno la furaha.

Hakufikiri mara mbili. Alifungua kizibo cha mfuko akamwaga maji yale mabombani, kushoto kwenda kulia, polepole, yakachemka na kupiga mvuke, akamwaga tena mpaka mfuko ukalegea mkononi. Akaingia ndani akawasha. Akangoja. Ikasikika "tak" chini ya boneti, sauti ya kompresa kushika, ndogo kama kifungo cha shati. Upepo ukaja wa vuguvugu, kisha wa kawaida, kisha baridi. Aliuelekeza wote kwa Lance, uso, shingo, mikono, na akaondoka na gari mfuko mtupu ukiwa mapajani mwake.

Lance hakurudi haraka. Waliipita Mannahill, wakaipita Yunta bila pai. Verlie alizungumza peke yake njia yote, akimtajia vipuri, maana ndivyo vilivyomjia: beringi, puli, gasketi. Nyika ikageuka mashamba ya ngano yaliyovunwa, mashamba yakageuka vilima. Mkono wa Lance ulikuja taratibu ukagusa mfuko uliolowa, ukabaki hapo. Waliposhuka kilima cha mwisho alikuwa macho. Walinyamaza wote wawili. Safari hii bahari haikurudi nyuma.

Kerryn alikuwa anawangoja ufukweni na kigari cha magurudumu manene, cha kuingilia majini. Alianza kugomba kuhusu joto, akaona uso wa mama yake, akaacha. Wakamsukuma Lance hadi maji yakamfika kiunoni. Palikuwa na watu wengi, na nusu yao wa Broken Hill, na kwa adabu ya kwetu kila mmoja aligeuka akatazama upande mwingine.

Maji yalikuwa baridi. Walingoja. Kisha Lance akajivuta kutoka kitini, Verlie akimshika kwapa, na miguu ile ikatafuta mchanga ikaupata.

"Niache," alisema.

"Lance."

"Niache, Verlie."

Akamwachia. Lance alisimama. Aliyumba, wimbi dogo likapita, akasimama. Verlie alilia mbele za watu wote waliokuwa hawatazami, na hakuona haya. Alikuwa amemleta. Kama hatakuja tena, amemleta.

Baada ya muda akajifuta uso. "Niambie kitu," alisema. "Pale njiani, ulipoonyesha mfuko. Ulikuwa umejua? Wewe fundi umeme mzima, ulikuwa umeona kosa langu?"

Lance alilifikiria jambo hilo, mikono yake ikielea juu ya maji pande zote mbili.

"Nilikuwa na kiu," alisema. "Nikamwomba mke wangu maji. Mke wangu akashuka, akafungua mfuko wa baba yangu, nikamwona kwa macho yangu mwenyewe akalinywesha gari maji yote, hakunibakizia hata tone."

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu ile habari ya samaki njiani.